Maandishi ya Nyuma ya Sumaku

Fundi wa spika ninayemjua Kibwezi huanza kazi kwa vidole. Kabla hajashika bisibisi, kabla hajakutajia bei, huilaza spika mapajani uso ukiangalia juu, akatandaza vidole vitano juu ya karatasi, akaisukuma chini polepole, akaiachia. Wakati huo ameinamisha kichwa kama mkunga anayesikiliza tumbo. Karatasi ikishuka na kupanda kimya, koili ya waya iliyo ndani ni nzima na imekaa katikati. Ikikwaruza, hata kidogo tu kama mchanga chini ya ndala, basi waya umevimba kwa joto au gundi imeachia, na ugonjwa uko ndani kabisa, mahali macho hayafiki.

Kibanda chake kiko nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara ya Mombasa. Malori huyaoni ukiwa mle ndani, ila bati hutetemeka yanapopita. Nilimpelekea spika mbili za marehemu baba, Pioneer zenye maboksi ya mbao, nzito kiasi kwamba kijana wa bodaboda aliomba tuzipeleke kwa safari mbili. Zilikuwa zimekaa sebuleni kwetu tangu nikiwa shule ya msingi, kila moja imevikwa kitambaa cheupe alichofuma mama. Baba alipotaka kusikiliza muziki hakuwasha kwanza. Alifunua kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti, maana nyuzi zile zilikuwa zikimeza sauti nyembamba ya gitaa. Ndipo akaweka Kilimambogo Brothers, na nyumba nzima ikajua siku ya kazi imekwisha.

Nilizipeleka kwa sababu wufa, yaani spika ya besi, ya boksi la kushoto ilikuwa imeanza kukoroma. Lakini nakiri kulikuwa na sababu nyingine. Juni 2025 kulitangazwa mkataba wa kuiuza Pioneer kwa CarUX, kampuni tanzu ya Innolux ya Taiwan, kwa zaidi ya yen bilioni 163. Innolux ni watengenezaji wa vioo vya skrini. Habari yenyewe ilikuwa ya wafanyabiashara, fupi na kavu, ila mimi niliisoma kama mtu anayeambiwa kwamba shamba la jirani aliyemlea limepata mwenyewe mpya. Je, mnunuzi anajua kilichozikwa humo?

Pioneer ilianza na spika. Wengi hawalijui hilo, kwa kuwa jina lenyewe tumelizoea kwenye redio za magari. Nozomu Matsumoto, mtoto wa mmisionari wa Kikristo nchini Japani, alitengeneza spika mwaka 1937 akaiita A-8. Mwaka uliofuata akafungua karakana Tokyo kwa jina la Fukuin Shokai Denki Seisakusho. Fukuin kwa Kijapani ni Injili. Mimi ni mtu wa Kibwezi, mahali ambapo wamisionari wa Kiskoti walipiga kambi mwaka 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898, na neno hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Hapa kwetu waliacha makaburi na habari. Kule Tokyo, mtoto wa mhubiri aliona kwamba sauti ikitoka safi nayo ni ujumbe, akakaa chini kuitafutia mdomo. Jina la Pioneer likawa la kampuni nzima mwaka 1961, na mwaka 1975 ikawa ya kwanza duniani kuuza stirio ya gari ya vipande vinavyojitegemea. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye matatu zetu.

Kampuni hii haikuuzwa mara moja. Ilikatwa vipande. Mwaka 2015 vifaa vya ma-DJ vilikwenda kwa wawekezaji wa KKR wa Marekani, na mwaka huohuo stirio za nyumbani zikakabidhiwa Onkyo, mshindani wa miaka mingi. Onkyo yenyewe ikafilisika mwaka 2022. Vya garini vilibaki, vikachukuliwa na wawekezaji wengine mwaka 2019, na hivyo ndivyo vilivyouzwa kwa Wataiwani katika mkataba ule wa 2025. Kwa hiyo leo mtu akikuonyesha kifaa kimeandikwa Pioneer, jina ni moja na watu waliokitengeneza ni wengine kabisa, hawajuani, pengine hawajawahi kuketi meza moja.

Nilimweleza fundi yote haya huku akifungua skrubu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, na mpira wa pembeni watautengeneza bado?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Wapenzi wa sauti nzuri, popote walipo, kampuni waipendayo ikiuzwa huhofia roho yake. Wanaikumbuka Bowers & Wilkins ya Uingereza. John Bowers alikuwa na duka Worthing, na mama mmoja mteja alipenda sana jinsi alivyomchagulia spika kwa sikio, hata akamwachia pauni 10,000 katika wosia wake. Kwa fedha hizo Bowers akaanzisha kiwanda mwaka 1966. Sikio la mtu mmoja lilithaminiwa na mwingine kiasi cha kuandikiwa urithi! Bowers alifariki mwaka 1987, na tangu 2016 hadi 2025 kampuni yake imebadilisha mikono mara nne. Mmoja wa wamiliki hao, Masimo, ni watengenezaji wa vile vifaa vya hospitali vinavyobana kidole kupima oksijeni. Sasa iko chini ya Harman, ambayo ni ya Samsung tangu 2017, pamoja na JBL ambayo kila kijana wa Kibwezi anaitamani. Anayeogopa haogopi bure. Mnunuzi hupata viwanda, hataza na jina. Yule mtu aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma akisema "bado, hii inanguruma, rudieni," huyo hayumo kwenye orodha ya mali, na akistaafu hakuna mstari wa hesabu unaopungua.

Hofu ya fundi ni ya chini zaidi, karibu na ardhi. Yeye anauliza habari ya mpira. Ule ukingo laini unaoshika karatasi ya spika, ukiwa wa sifongo, huoza wenyewe baada ya miaka kumi na tano au ishirini hata kama spika haijapigwa kwa fujo. Unaugusa unabaki kidoleni kama majivu. Mwenye kampuni asiyejali spika za jana hana haja ya kutengeneza ukingo wa jana. Hapo ndipo kuuzwa kwa kampuni ya Tokyo kunamfikia mtu wa Kibwezi: katika kipande cha mpira wa inchi kumi kisichopatikana tena Nairobi, au kinachopatikana kikiwa kigumu mno, na spika ikapoteza ile besi laini iliyokuwa nayo.

Kwa hiyo ameamua kujua kila kitu kwa mikono yake. Wufa ya baba aliifungua mbele yangu, na siku mbili nilizokaa kwenye benchi lake zimebaki akilini zikiwa wazi kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Koili ilikuwa imeungua. Alizungusha wembe kwenye ukingo wa ile kofia ndogo ya katikati, akaiinua bila kuichana, kisha akalainisha gundi ya zamani kwa kiyeyusho, tone baada ya tone, mpaka karatasi na kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishika shingo vikaachia pamoja. Chini yake kulikuwa na duara jembamba ndani ya sumaku, mfereji ambao nafasi yake kila upande haifiki milimita moja. Humo ndimo koili inapoishi. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, sumaku huusukuma na kuuvuta, na karatasi iliyofungwa juu yake hupiga hewa. Rice na Kellogg waliueleza mpango huo Marekani mwaka 1925, na spika zetu nyingi, kuanzia ya redio ndogo ya jikoni hadi ya basi la usiku, bado zinaufuata. Miaka mia moja, na mfereji ni uleule.

Alisafisha mfereji kwa karatasi ya kunata, akiipitisha na kuitoa, na kila alipoitoa ilikuja na vumbi letu jekundu na chembe za chuma. Kisha akakata kipande cha karatasi ngumu, akakizungusha kwenye kipande cha bomba alichokichonga mwenyewe kwa kipimo kilekile, akaanza kusokota waya wa shaba. Waya ule ni mwembamba kama uzi wa kushonea, umepakwa rangi ya kuzuia umeme usiruke. Raundi lazima zilale ubavu kwa ubavu, bila moja kupanda juu ya mwenzake. Alihesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Tabaka la kwanza likishuka, la pili lazima lipande, ili ncha zote mbili zitokee upande mmoja wa juu. Mtu akaja kuuliza bei ya rimoti. Fundi hakujibu hadi alipomaliza tabaka. Mteja alielewa akasubiri.

Nilimwona mama yangu pale. Wanawake wa Ukambani wamesuka vyondo vya mkonge kwa namna hiyohiyo: raundi juu ya raundi, mkono ukikaza sawasawa, maongezi yakiendelea lakini hesabu haipotei. Huku Kibwezi mkonge ni sehemu ya mandhari, mistari na mistari ya mashamba ya Dwa. Sisemi kwamba fundi alijifunza koili kutoka kwa kyondo. Nasema amekulia kati ya watu ambao vidole vyao vinajua kukaza bila kukata, na ujuzi wa namna hiyo hauhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Alipima kwa mita. Spika ya omu 8 ikipimwa hivyo husoma sita na kitu, na yake ilisoma sita na kitu. Akatabasamu kidogo.

Sehemu ya kurudisha ndiyo ngumu kupita zote. Alikata vipande vyembamba vya filamu ya zamani ya X-ray, akavipenyeza kati ya koili na chuma cha katikati pande nne, ili koili ikae sawa bila kugusa popote gundi inapokauka. Akaweka gundi, akaweka karatasi, akageuza, akaangalia kwa mwanga wa mlango, akaiacha hadi asubuhi. Hakuna njia ya mkato hapo, hasa katika joto letu, ambapo gundi hujifanya imekauka juu huku chini ikiwa bado laini. Waliozoea kuharakisha ndio wanaozirudishia watu spika zinazokwaruza baada ya wiki.

Asubuhi alizivuta filamu moja moja, akasukuma karatasi kwa vidole vitano, akasikiliza. Kimya. Akachukua betri ya tochi, akagusisha ncha zake kwenye nyaya, karatasi ikaruka mbele. Akaifanyia hivyo na ile ya kulia, ikaruka mbele pia. "Zikitofautiana," akaniambia, "moja inasukuma hewa na nyingine inaivuta. Besi inakufa katikati ya chumba, na mtu analaumu amplifaya bure." Kwa mpenda benga ya Kikamba huo ni msiba. Gitaa la besi katika nyimbo za Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, au za Katitu Boys, halikai nyuma kama mlinzi wa zamu. Linatembea, linaongea, linajibizana na lile la juu. Kakai alifariki mwaka 1987, na wengi wetu tumemjua kupitia spika tu. Tukiipoteza besi yake tunakuwa na nusu ya mtu.

Kabla ya kuirudisha wufa ndani ya boksi, fundi aliigeuza, akafuta mgongo wa sumaku kwa kitambaa, akaniita nisogee. Kulikuwa na maandishi ya penseli. Tarehe ya mwaka 1994 na herufi mbili za jina. Sikujua kwamba baba aliwahi kuitengeneza. Fundi aliyatazama kwa muda mrefu. "Huyu ni mzee wangu wa Makindu," akasema. "Ndiye aliyenifundisha. Herufi yake ya M ilikuwa hivi, na mguu mrefu." Alinionyesha jinsi mzee yule alivyokuwa akifunga waya kwa fundo la pekee nyuma ya karatasi, na kweli fundo lilikuwepo: yeye mwenyewe alikuwa amelifunga vilevile muda mfupi uliopita bila kufikiri.

Akatafuta penseli kwenye kopo, akailowesha ncha kwa ulimi, akaandika tarehe na herufi zake chini ya zile za mzee. Akaacha nafasi chini yake.

Jioni nilizirudisha nyumbani kwa safari mbili za bodaboda. Mama alikuwa ameketi sebuleni, vitambaa viwili vyeupe viko mapajani, vimefuliwa. Nilipomaliza kuunga nyaya alivitazama, kisha akavikunja kimoja kimoja na kuviweka juu ya kiti cha baba.

"Weka Kakai," akasema.