Vyumba Viwili kwa Kila Jozi

Kabla ya kugusa msumeno, fundi huuliza: una njiwa jozi ngapi? Kijana aliyekuja kuagiza banda katika karakana hii ya Muheza, mkoani Tanga, alijibu kwamba anazo jozi sita, kwa hiyo anataka vyumba sita. "Vyumba 12, mjukuu wangu," mzee akamwambia, na penseli ikawa imeshatoka nyuma ya sikio.

Hesabu yake anaitoa kwa njiwa wenyewe. Jike hutaga mayai mawili, kisha yeye na dume wake huyaatamia kwa zamu kwa siku 18 hivi. Makinda hukaa kiotani karibu mwezi mzima, lakini mama yao hangoji waruke. Mara nyingi hutaga tena huku wale wa kwanza bado wanadai kulishwa. Akikosa chumba cha pili atavamia cha jirani, na katika ugomvi huo mayai ndiyo huumia. Nimeona mabanda mengi yaliyopakwa rangi vizuri ambayo yameshindwa hapo tu, kwa kuwa aliyeyajenga alihesabu njiwa bila kuhesabu maisha yao.

Mbao ni za paini, zinazoshuka kutoka mashamba ya miti ya Lushoto, na aghalabu hufika zikiwa mbichi. Mzee huzipanga kivulini, kila ubao ukitengwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite, na juu huweka mawe kuzizuia zisijikunje. Kila baada ya muda hunyanyua mmoja, akaupima uzito mkononi, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ubao mbichi huitika kwa sauti nzito. Ukikauka, sauti hupanda. Mwenye haraka huelekezwa kwa fundi mwingine, bila kinyongo.

Zikishakauka, huutazama kila ubao kichwani, kwenye zile pete za umri wa mti. Ubao ukiendelea kukauka hupinda kuelekea upande uliokuwa wa ganda, kwa hiyo upande wa kiini ndio anaouelekeza nje ya banda. Hivyo hata ukipinda, kingo zake zitaukandamiza mhimili badala ya kuuachia. Alama anayochora ni msalaba mdogo tu wa penseli, na hakuna atakayeuona baadaye, kwa sababu randa itaufuta.

Randa ndiyo sehemu ambayo ningeweza kuitazama mchana kutwa. Kwanza hupapasa ubao kwa kiganja, kwenda na kurudi, apate kujua nyuzi zinalala upande gani. Kisha huegemea kwa mwili wote, si kwa mikono peke yake, na maranda hutoka marefu, membamba, yakijizungusha juu ya chuma na kuanguka miguuni. Hayatupwi, yatatandikwa viotani. Lakini uso anaoulainisha ni wa nje tu. Ndani anaacha alama za msumeno jinsi zilivyo, na sakafu ndiyo haigusi kabisa. Kinda la njiwa likikulia kwenye ubao unaoteleza, miguu yake hutanuka pembeni na huenda lisisimame vizuri tena. Anayeingiza mkono chumbani na kukuta ukwaruzo adhani kazi imelipuliwa anakosea sana. Kuujua ubao ni jambo moja, kujua wapi pa kuuacha ni jingine, na la pili hilo ndilo lililonifanya nimheshimu mzee huyu.

Kila chumba kina upana wa futi 1, kimo cha futi 1, na kina kinachozidi hapo kidogo. Kwa mlango, hutoboa vitundu kwa kekee kufuata mstari wa upinde, akaviunganisha kwa msumeno mwembamba, akamalizia kwa tupa na msasa mpaka kidole kizunguke ukingo bila kukwama. Mbele ya milango hapachomekwi kijiti. Njiwa wa kufugwa wanatokana na njiwa wa majabali, ndege wanaotaga kwenye kingo za miamba, nao hupenda kutua pahali bapa na kutembea kabla ya kuingia. Basi kila ghorofa, kati ya zote tatu, ina ubao wa kutulia unaopita mbele ya vyumba vyake vinne. Ndani, kizuizi cha inchi 2 na nusu kinayazuia mayai yasibingirike.

Misumari ni ya inchi 2. Kila mmoja huulaza kichwa chini juu ya chuma, akaigonga ncha kidogo mpaka iwe butu, ndipo aupigilie. Ncha kali hupenya kama kabari na kuupasua ubao karibu na kichwa chake. Ncha butu huziponda nyuzi na kujipatia nafasi. Misumari ni mingi, na hakuna hata mmoja aliouruka.

Paa ni bati, ambalo saa sita mchana lingeoka makinda. Chini yake ameweka dari ya mbao, na kati ya viwili hivyo ameacha uwazi wa kupitisha hewa. Pindo la bati linatokeza mbele, na banda litaupa kusi mgongo, maana mvua za masika huja zikisukumwa na upepo huo. Kihori cha chakula amekitengeneza chembamba, na juu yake kifimbo kinachozunguka: njiwa akitaka kukalia chakula, kifimbo kinamgeuza, naye anashuka ale akiwa amesimama pembeni.

Nguzo nne za msaji zilikuwa zimeshachimbiwa futi 2, sehemu ya ardhini imepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa, na kila moja imevishwa kola ya bati la debe, pana na laini, ili panya, paka na nyoka wafike hapo wateleze. Vijana wakalipandisha banda, mzee akaweka pimamaji, akachomeka kipande cha ubao chini ya kona moja.

Nyuma kila chumba kina mlango wake wa bawaba, wa kusafishia. Banda likiinuliwa, mhimili hujipinda kidogo, kwa hiyo akaijaribu milango yote upya kutoka kushoto. Wa tisa ulikwaruza ukingoni. Akaufungua bawaba, akapitisha randa mara mbili, akaurudisha, kisha akaanza tena kutoka wa kwanza.