Hongera kwa Wakufunzi wa Maabara

Maprofesa wana wa kuwasifu. Mimi nawapongeza wakufunzi wasaidizi wa maabara za Ndaki ya TEHAMA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika programu kwa lugha ya C akisahau nukta mkato moja tu, kompyuta humporomoshea orodha ya makosa, mengine hata hayapo. Mkufunzi mzuri hagusi kibodi. Anauliza, "Ulitegemea itoe nini?" kisha ananyamaza, amwache mwanafunzi afikiri. Funksheni inayojiita yenyewe anaieleza kwa kalamu: faktoria ya 4 inasubiri jibu la 3, la 3 linasubiri la 2, la 2 linasubiri la 1, ndipo majibu yanarudi yakizidishwa hadi 24. Chuo hichohicho kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo huanzia kwa mtu aliyefundishwa kusoma kosa bila kuogopa. Hongereni sana, walimu wetu.