Heko kwa Wanaoipa Picha Mwangwi

Wapo wasanii wanaoichukua picha wakaifungua kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti iliyotoka mwaka 2000. Nawapa heko. Kwa kompyuta, picha na wimbo vyote ni namba tu, nao wameufanya ukweli huo kuwa sanaa.

Kazi inataka subira. Picha huhifadhiwa kwanza kama faili la BMP lisilobanwa, ili kila nukta ya rangi ibaki mahali pake. Ikiingizwa kama data ghafi, huvuma kama redio iliyokosa stesheni. Baiti za mwanzo, kwa kawaida 54, haziguswi: ndizo zinazoieleza kompyuta upana na urefu wa picha, na zikivurugwa faili huenda lisifunguke kabisa. Kisha sauti hiyo huwekwa mwangwi, na ikirudishwa kuwa picha, uso wa mtu hujirudia pembeni, kila mara ukififia zaidi. Sauti ikigeuzwa nyuma mbele, picha husimama kichwa chini, na mara nyingi nyekundu hugeuka buluu. Uzuri ulioje!

Msanii Rosa Menkman wa Uholanzi aliziandikia hitilafu za namna hii kitabu kizima mwaka 2011. Zilistahili.