Hoho Ndani ya Faneli ya Bati

Mtu akiona kwa mara ya kwanza picha ya mpigapicha Edward Weston iitwayo Pepper No. 30, huweza kudhani ni mgongo wa mtu aliyejikunyata, au watu wawili waliokumbatiana. Kumbe ni pilipili hoho moja, tena iliyojikunja vibaya, kama zile ambazo muuza mboga huzificha chini ya fungu. Nimeitazama picha hiyo kwa miaka, na kila mara swali langu limekuwa la kifundi: mwanga ule unatoka wapi? Juu ngozi inang'aa, ikiteremka inafifia taratibu, halafu mahali unapotarajia giza tupu umbo linajitokeza tena kwa mng'ao hafifu. Taa moja haiwezi kazi hiyo, na dirisha peke yake haliwezi.

Jibu lake ni faneli ya bati.

Ilikuwa Agosti 1930, Carmel, California. Hoho hazikuwa ngeni kwa Weston. Mwaka uliotangulia alikwisha kuzipiga picha. Safari hii alizishughulikia siku kadhaa mfululizo, akatoa negativu zisizopungua 30. Kilichomsumbua ni kitu cha kuweka nyuma. Alijaribu kitambaa na kadibodi nyeupe: hoho ikawa nyeusi mno mbele ya weupe ule. Ndipo alipochukua faneli kubwa, akailaza ubavu, akaiweka hoho ndani kidogo tu ya mdomo wake. Hakuwasha taa yoyote. Alitumia mwanga wa mchana.

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tusipapite mbio. Ngozi ya hoho ina nta. Kitu chenye nta hukuonyesha rangi yake na pia kila kilichokizunguka, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Ukiielekezea hoho taa moja, utapata doa moja jeupe, na kwingine kote kutalala gizani. Ndani ya faneli mambo hubadilika. Bati lililopinda hupokea mwanga unaoingia mdomoni na kuurudisha kutoka kushoto, kulia na chini, kwa hiyo kila bonde la ngozi hupata sehemu yake. Wakati huohuo faneli inakwenda ikisinyaa kuelekea kwenye shingo, na mwanga nao unapungua. Nyuma ya hoho kunabaki giza laini lenye mwinuko na mteremko wake. Kifaa kimoja kimekuwa kiakisi na pazia kwa pamoja. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa wa picha hii, zaidi hata ya uzuri wa hoho yenyewe.

Ufundi huo una bei yake. Mwanga wa ndani ya faneli ni haba, na Weston alitaka kila mkunjo, wa mbele na wa nyuma, uonekane mkali. Kwa kamera kubwa ya negativu za inchi 8 kwa 10, iliyosogezwa karibu hivyo, njia ni kuminya tundu la lenzi, naye aliliminya hadi f/240. Namba ikipanda, tundu linapungua. Ukitoka f/22 kwenda f/240, mwanga unaopita hupungua takriban mara 119. Picha ambayo ingehitaji sekunde 3 sasa inadai karibu dakika 6. Tena filamu za enzi zile zilizidi kuwa nzito kupokea mwanga kadiri muda ulivyorefuka, hivyo hata hesabu hiyo ilibidi iongezwe. Katika muda wote huo sakafu isitikisike. Mtikisiko mdogo tu ungetosha kuiharibu negativu, na hilo silishangai hata kidogo.

Silishangai kwa sababu nimejaribu mwenyewe. Nilinunua faneli kwa fundi bati, zile za kumiminia mafuta ya taa, nikaiosha kwa sabuni mara tatu mpaka harufu ikatoka. Hoho nilichagua sokoni, moja moja, muuzaji akinishangaa ninavyozikataa zilizonyooka. Mara ya kwanza niliharakisha, nikatumia flashi. Ikaacha doa jeupe kwenye bega la hoho, na umbo lote likafa. Nikazima flashi, nikafungua dirisha moja, nikaweka kamera kwenye stendi. Picha ikatoka na ukungu. Nilihangaika na lenzi kwa muda kabla sijainua macho na kuliona pangaboi likizunguka, meza ikitetemeka chini yake. Nililizima, nikasubiri nikitokwa jasho, nikafyatua kwa saa ya kamera ili kidole changu kisiiguse. Mng'ao wa chini ulipojitokeza, mwembamba kama uzi wa fedha kwenye tumbo la hoho, nilikaa kimya mbele ya kioo cha kamera.

Nilipoweka waridi ndani ya faneli ileile, halikupendeza. Petali haina mng'ao wa hoho. Nyama yake ni nyembamba, mwanga hupenya. Mtu akiirudishia petali mwanga kutoka mbele, huliua ua. Waridi nililiweka kati ya kamera na dirisha, nikatundika shuka jeupe dirishani, kisha nikakata kipande cha kadibodi nyeupe na kukishika chini ya lenzi ili mbele pasiwe giza kabisa. Mishipa ya petali ikajichora yenyewe, mmoja mmoja hadi ukingoni. Ua likapata taa yake kwa ndani.

Ua la mgomba lina yote mawili, panapong'aa na pasipong'aa. Nje ganda lake la zambarau limefunikwa nta ya unga isiyong'aa, na likijikunja kwenda juu, upande wa ndani unaonekana mwekundu unaometa. Kwa ajili yake nimemwagiza fundi faneli nyingine, yenye mdomo wa sentimita 40, asiipake rangi.