Mwanga, Nuru na Giza: Kipimo cha Kuihukumia Sanaa ya Taa

Usiku usio na mwezi, mtu asimamaye juu ya majabali ya Mwanza huona ziwani taa nyingi zilizopangana kama mji. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi nyingi ni za betri au za umeme wa jua. Taa huelezwa juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, kisha wavu huwazunguka. Mwezi ukipevuka, kazi husimama, maana mwanga uliotapakaa kila mahali haumwiti samaki.

Pwani ya ziwa, basi, yajua mambo mawili: mwanga hauna nguvu pasipo giza, na mwanga waweza kuwa mtego. Mambo haya yafaa kuwa kipimo kwa wahakiki wa wasanii watumiao mwanga wenyewe badala ya rangi au udongo.

Lugha nayo yataka kuangaliwa. Neno nuru, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya wema na uongofu; kitu kiitwacho nuru kimekwisha kusifiwa kabla ya kutazamwa. Neno mwanga halina upendeleo huo. Mwanga, wingi wake mianga, ni wa taa. Mwanga, wingi wake wanga, ni mchawi atembeaye usiku. Katika umoja sikio haliyatengi maneno hayo mawili. Ngeli ndiyo iyatengayo. Kwa hiyo "sanaa ya mwanga" ni jina bora kuliko "sanaa ya nuru", kwa kuwa humwachia mhakiki nafasi ya kuuliza: mwanga huu wamwita nani, na kwa ajili gani?

Mwaka 1963 Mmarekani Dan Flavin aliweka ukutani taa moja ya tyubu, imelala mshazari, akaiita kazi ya sanaa. Mwaka 2003 Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, alitengeneza jua katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Lilikuwa nusu duara ya taa zipatazo 200, nayo ilikamilishwa na kioo kilichofunika dari. Taa zile zilikuwa za rangi moja tu, hata rangi nyingine zote zikafa. Watu walilala sakafuni wakijitazama juu. Ubora wa kazi ile haukuwa wingi wa mwanga, bali ni vile ulivyoonyesha kile ulichokinyang'anya jicho.

Mwaka 2012 Eliasson, pamoja na mhandisi Frederik Ottesen, alitoa taa ndogo ya umeme wa jua iitwayo Little Sun, iliyokusudiwa watu wasio na umeme, wengi wao wakiwa Afrika. Katika Tate Modern taa za ukumbi zilizimwa, wageni wakatazama picha kwa taa hizo. Hapo ndipo yapasa kutofautisha. Giza la London lilikuwa la kuchagua. Giza la kijiji kisicho na umeme halichaguliwi. Chombo kimoja kilikuwa sanaa kule, na huku ni taa tu. Kuisifu kama taa ni haki. Kuisifu kama sanaa kwa sababu ya uhitaji wa aipokeaye ni kuuita mwanga nuru.

Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, ameshika njia nyingine. Filamu yake Out of Blue, iliyoonyeshwa Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, yapita katika majengo matupu ya Uganda. Jua laangukia kuta ambazo wenyewe hawapo. Giza lake ni mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini. Nao jamaa zake waliondoka mwaka 1974. Mwanga huo haumfariji mtazamaji. Humwita aje karibu, kama karabai iwaitavyo dagaa, na akisha kufika hukuta amezungukwa na hasara ambayo hakuitazamia.

Kwa kipimo cha ziwa, kazi hii ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa yalijua giza lake. Mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuazima macho. Aanze na wavuvi: kwanza apime giza, ndipo aitazame taa.