Lugha Ielezwayo kwa Kile Isicho Nacho: Uhakiki wa Vitabu vya Awali vya Kiindonesia kwa Wasemaji wa Kiingereza

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna vitabu vya awali vya Kiindonesia, vilivyokusudiwa wasemaji wa Kiingereza, vinavyoeleza sarufi na msamiati wa lugha hiyo. Hoja kuu ni kwamba vitabu hivyo huorodhesha yale ambayo Kiindonesia hakina na hivyo kufifisha yale kilicho nayo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayevitegemea hupotoshwa mara mbili: kuhusu Kiindonesia, na kuhusu kile ambacho Kiswahili chake kingemsaidia kukiona.

1. Utangulizi
Kiindonesia kimejengwa juu ya Kimalei, lugha ya pwani na biashara. Katika Kiapo cha Vijana cha tarehe 28 Oktoba 1928 kilitajwa kuwa lugha ya umoja, na Katiba ya 1945 ikakifanya lugha ya dola. Mwaka 2023 UNESCO ilikitambua kuwa lugha rasmi ya Mkutano wake Mkuu. Msomaji wa Kiswahili atauona ujirani wa historia hiyo na ya kwetu. Hata hivyo, mtu wa Dodoma au Nairobi anayetaka kujifunza Kiindonesia kwa kawaida hupitia kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Mwingereza, Mmarekani au Mwaustralia.

2. Orodha ya upungufu
Vitabu hivyo hupenda kuanza kwa kumfariji mwanafunzi: vitenzi havina njeo, nomino hazina jinsia wala umbo la lazima la wingi, na kitenzi "kuwa" mara nyingi hakihitajiki. Kila kauli ina ukweli wake. Kasoro iko kwenye kipimo, kwa kuwa Kiingereza ndicho kinachoamua lipi lihesabiwe kuwa sarufi.

Chukua njeo. Ni kweli kwamba *makan*, "kula", halibadiliki kwa jana wala kesho. Lakini Kiindonesia kina *sudah*, *belum*, *sedang*, *akan* na *pernah*, maneno yanayoonyesha kama tendo limekamilika, halijatimia, linaendelea, linatarajiwa au limewahi kutokea. Anayeulizwa *Sudah makan?* hujibu *sudah* au *belum*. Akijibu *tidak*, yaani "hapana", jibu lake halikai sawa na swali. Kitabu cha Kiingereza huhitaji aya nzima kueleza jambo hili. Msemaji wa Kiswahili huambiwa tu: "Umeshakula?" "Bado." Tena anajua tayari kwamba "sijala" si sawa na "sikula". Sarufi iliyoitwa pungufu inageuka kuwa sarufi anayoitumia kila siku.

Ndivyo ilivyo kwa sentensi kama *Surat itu sudah saya baca*. Vitabu vingi huiweka chini ya kauli ya kutendwa, na mwanafunzi huiona kuwa muundo wa pembeni. Kwetu tafsiri yake ya karibu ni "Barua hiyo nimekwisha kuisoma": kinachozungumziwa kimetangulia, na mtendaji bado yumo.

3. Msamiati bila mizizi
Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye msamiati. Maneno hupangwa jozi kwa jozi na Kiingereza, kama kwamba kila moja limezaliwa peke yake. Lakini mzizi *ajar* huzaa *mengajar*, kufundisha, *belajar*, kujifunza, *pengajar*, mwalimu, *pelajar*, mwanafunzi, na *pelajaran*, somo. Anayekariri matano hayo mbalimbali amefanya kazi mara tano.

Athari yake huonekana kwenye kamusi. Kamusi ya Echols na Shadily, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1961, huorodhesha maneno chini ya mizizi. *Menulis*, kuandika, hutafutwa kwenye *tulis*. *Memukul*, kupiga, kwenye *pukul*. Kwa kuwa sauti *t* na *p* humezwa na kiambishi awali. Asiyefundishwa kanuni hiyo mapema amepewa kamusi iliyofungwa. Sarufi kubwa ya James Sneddon ya mwaka 1996 hueleza viambishi kwa kina, lakini ni kitabu cha marejeo, na anayeanza hakifikii mapema.

4. Mipaka ya ujirani
Haifai kudai kwamba Kiswahili kinafungua kila mlango. Maneno *dunia* na *bendera* tunayo sawasawa, na *kabar*, *waktu*, *sabun* na *meja* yako karibu na habari, wakati, sabuni na meza. Lakini *murid* ni mwanafunzi yeyote wa shule, hali "muridi" wetu ni mfuasi wa tarika. Vilevile "sisi" yetu haitenganishi *kita*, inayomjumuisha msikilizaji, na *kami*, inayomtenga. Katika meza ya mazungumzo tofauti hiyo ni fedha: *kami akan membayar* ni ahadi ya upande mmoja, *kita akan membayar* inawatia wote gharamani. "Tutalipa" haisemi lolote kati ya hayo.

5. Hitimisho na mapendekezo
Sifa ya wepesi ina gharama ya kisera, kwa sababu lugha inayoitwa nyepesi ni rahisi kupunjwa saa za masomo na walimu. Taasisi ya Marekani inayofunza wanadiplomasia hukiweka Kiindonesia kundi moja na Kiswahili, la takriban wiki 36, muda unaozidi ule wa Kihispania. Makadirio hayo, yaliyofanywa kwa wasemaji wa Kiingereza wenyewe, hayaafikiani na ahadi za kurasa za kwanza.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu viandae kitabu cha awali cha Kiindonesia kwa Kiswahili, kinachoanzia kwenye *sudah* na *belum* na kupanga msamiati kwa mizizi. Pili, kitabu hicho kitaje wazi mahali ambapo Kiswahili kinapotosha. Tatu, vitabu vya Kiswahili kwa wageni vipimwe kwa jicho hilohilo, maana ngeli zetu nazo mara nyingi huelezwa kama mzigo wa kukariri, ilhali ndizo zinazoshikilia sentensi. Tukikosa kufanya hivyo, lugha mbili zilizokua kwenye bahari moja zitaendelea kujuana kwa mkalimani wa tatu.