Mkono wa Mwisho

Katika vikundi vya washonaji huko Marekani, mifarishi iliyoishia njiani hurundikana upesi. Mtu amenunua vitambaa, amevikata, ameviunga hadi nyota zikakaa mahali pake, amefurahi na kuwaonyesha jamaa, kisha ameukunja ule uso wa mfarishi na kuutia kabatini. Miaka inapita. Mwenyewe anafariki, au macho yanamgomea, na wanawe wanaubeba hadi ukumbi wa kanisa au duka la vitambaa, wanauliza kama yupo atakayeumalizia. Insha hii naiandika kwa ajili ya huyo atakayeumalizia.

Mfarishi ninaousema ni blanketi la matabaka matatu. Juu kuna uso ulioungwa kwa vipande vingi vya kitambaa cha pamba. Katikati kuna tabaka laini la kutia joto. Chini kuna kitambaa kimoja kipana. Matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mishono inayotambaa kote, ndipo kingo zinapozungushiwa utepe. Anayeunga vipande vya juu ndiye anayepigwa picha, maana kazi yake ina rangi na huonekana tangu mlangoni. Anayeyashika matabaka yakawa kitu kimoja, akanyoosha kingo, akapiga utepe, akafua na kushona lebo, kazi yake ikiwa nzuri haionekani kabisa. Ikiwa mbaya, itaonekana baada ya mfarishi kufuliwa mara ya tatu, wakati mshonaji hayupo tena kuulizwa.

Mwaka 2003 Catherine Roberts, mkazi wa jimbo la Delaware, alikuwa na mwana aliyepelekwa vitani Iraq. Amesimulia kwamba alioteshwa: alimwona kijana ameketi ukingoni mwa kitanda usiku wa manane, ameinama, amezidiwa na mambo ya vita, kisha akamwona yuleyule amejifunika mfarishi, na hali yake imekuwa nyingine. Hapo ndipo ilipoanza Quilts of Valor, taasisi inayowatunukia askari mifarishi. Mfarishi wa kwanza ulitolewa Novemba mwaka uleule katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kwa askari kijana wa Minnesota aliyepoteza mguu Iraq. Tangu siku hizo taasisi hiyo imetoa mifarishi zaidi ya 300,000, na waliopewa si wa Iraq na Afghanistan peke yao. Wamo wazee waliopigana Korea, na wapo wengi wa Vietnam, kizazi ambacho wengi wake walirudi nyumbani bila kupokewa kwa heshima.

Ninachomheshimia Roberts zaidi ya ile ndoto ni masharti aliyoyaweka. Tangu mwanzo alisema mfarishi huu ushonwe kweli, kwa mkono au kwa mashine, usifungwe kwa mafundo. Kufunga kwa mafundo ni njia ya mkato: unapitisha uzi mnene kwenye matabaka yote matatu, unafunga fundo, unaruka inchi kadhaa, unafunga jingine, na jioni moja kazi imekwisha. Yapo mablanketi mengi ya sadaka yaliyofanywa hivyo na yamewatia watu joto, siyadharau. Lakini yeye alitaka kitu cha kutunukiwa, kwa sherehe na kwa jina la mtu, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa na alama ya haraka mwilini mwake. Alitaka pia kazi igawanywe, mmoja aunge uso na mwingine ashone matabaka. Kwa hiyo mmaliziaji ana kiti chake katika shughuli hii tangu siku ya kwanza.

Sisi husema kutoa ni moyo, si utajiri. Msemo huo ni wa kweli, nao hutumiwa vibaya. Wengi huuchukua kuwa moyo ukishatoa, mikono imesamehewa. Cha bure kikipinda hakina ubaya, mpokeaji ashukuru. Mimi nadhani ni kinyume chake. Mnunuzi akiona mshono umelegea atarudisha bidhaa na kudai fedha yake. Aliyetunukiwa hawezi. Atanyamaza, atakunja, ataweka, na utepe utazidi kufumuka miguuni pake kila majira ya baridi. Asiye na nafasi ya kulalamika ndiye anayestahili kazi safi kuliko wote, na wamaliziaji wazuri wanalijua hilo bila kuambiwa.

Tazama wanavyochagua tabaka la katikati, ambalo hakuna atakayeliona. Pamba ya bei ya chini husogea ikifuliwa, ikajikusanya mabonge kwenye pembe na kuacha katikati kitambaa kitupu. Rahisi huvunja upishi. Pamba nzuri huja na maelekezo ya mtengenezaji kuhusu umbali mkubwa unaoruhusiwa kati ya mstari mmoja wa mishono na mwingine, na fundi huuheshimu umbali huo hata kama mchoro alioupenda ungependeza zaidi ukiachiwa nafasi.

Wengi siku hizi hushona matabaka kwa mashine ya mkono mrefu. Kwenye cherehani ya kawaida sindano imesimama na wewe ndiye unayesukuma nguo. Hapa matabaka yametandazwa kwenye fremu yenye magogo ya kuviringishia, ndefu kuliko kitanda, na mashine yenyewe ndiyo inayoteleza juu ya reli, mshonaji ameishika mipini miwili. Kitambaa cha chini lazima kizidi uso kwa inchi tatu au nne kila upande ili kipate pa kubanwa. Uso ukiwa umeungwa ovyo, hapa ndipo unapojitangaza: pindo limekuwa refu kuliko katikati, linapiga mawimbi, na sindano ikifika pale itazaa mkunjo usiofutika. Kazi ya mmaliziaji ni kuyapokea makosa ya mtu asiyemfahamu, pengine marehemu, na kuyamaliza polepole, anabana hapa, anapiga pasi yenye mvuke pale, mpaka kitambaa kitulie. Halafu uzi wa bobini unaisha katikati ya jani la mchoro, na inambidi afunge ncha zote mbili, azizamishe ndani ya pamba kwa sindano ya mkono, na aanze tena kwenye tundu lilelile la mwisho. Nimesimama kando ya mashine hizo nikisikiliza. Fundi aliyezoea hujua kwa sauti tu kuwa uzi wa chini umelegea, husimamisha mashine na kupapasa upande wa chini kwa vidole kabla hajatazama.

Kisha rangi. Mifarishi mingi ya askari huwa na nyekundu, nyeupe na samawati, ingawa hakuna anayelazimishwa, na kila aliyewahi kufua nguo mpya nyekundu pamoja na nyeupe anajua kinachoweza kutokea. Nyekundu huchuja. Kazi ya miezi inaweza kugeuka waridi ndani ya maji ya mfuo mmoja. Ndiyo maana mfarishi hufuliwa na mshonaji kabla haujatolewa, pamoja na vitambaa maalumu vya kunasa rangi iliyotoka, ili kama kuna balaa liwapate washonaji walio na muda wa kuloweka upya na kusuuza. Kati ya mambo yote ya ufundi huu, hili ndilo ninalolipenda kwa moyo wangu wote: kukubali hatari ikupate wewe mapema, isimfikie yule mwenye haki ya kustarehe.

Utepe wa kingo nao una hesabu yake. Ukubwa unaopendekezwa ni inchi 60 kwa 80. Mdogo kabisa unaopokewa ni 55 kwa 65, na mkubwa kabisa 72 kwa 90. Mfarishi wa 60 kwa 80 una mzingo wa inchi 280, yaani zaidi ya mita saba. Mshonaji hukata vipande vya upana wa inchi mbili na nusu, huviunga kwa mshazari ili unene wa maungio usirundikane mahali pamoja, hukunja kwa urefu, hupiga pasi, kisha hushona upande wa mbele kwa cherehani. Akibakiza robo inchi kufika kwenye pembe, husimama, hukata uzi, hukunja utepe juu kwa mshazari, hukunja tena chini, na kuendelea upande wa pili. Mkunjo huo mdogo ndio unaozaa pembe kali iliyonyooka. Ukipitiliza hata mishono miwili, pembe huvimba na hakuna pasi itakayoinusuru.

Upande wa nyuma wengi bado huushona kwa mkono, ijapokuwa mashine ingeweza. Nilikaa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi hiyo katika ukumbi wa kanisa, mfarishi umemfunika magoti yote. Aliingiza sindano ndani ya zizi la utepe, akaiibua karibu sana na ilipoingilia, akachota nyuzi mbili tatu tu za kitambaa cha chini, akavuta mpaka mshono ukazama. Kila baada ya mishono kadhaa alipitisha kucha ya dole gumba juu ya mstari. Kama kucha ilikwama alifumua. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: mishono minane kwa inchi, kuzunguka inchi 280, ni mishono 2,240, na hakuna hata mmoja unaokusudiwa kuonekana. Nilimuuliza kama ni mfarishi wake. Akasema uso uliletwa na watu wa familia fulani, yeye hakuwahi kumjua aliyeuunga. Alikuwa akizungumza nami bila kuinua macho, na ile kucha haikupumzika.

Kazi hii ya kina mama kuwashonea askari ni ya zamani huko Marekani. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, kamisheni ya afya iliyohudumia majeshi ya Kaskazini ilikusanya matandiko kutoka miji na vijiji, nayo yanakadiriwa kufikia 250,000. Mengi yalishonwa membamba, ya kutosha kitanda cha askari. Yaliyosalia leo ni machache sana. Yalitumika hadi yakararuka, na mengine yalizikwa pamoja na waliofia ndani yake. Sioni hasara katika hilo. Kitu cha kufunika mtu kimefunika mtu, na kikaisha. Kinachonisikitisha ni majina. Katika yale machache yaliyobaki yapo yenye maandishi ya washonaji, na kwa hayo machache tunaweza kutaja nani alikuwa nani. Maelfu ya wengine walitoa wakapotea kabisa.

Labda ndiyo sababu Quilts of Valor hawatoi mfarishi usio na lebo. Sisi watu wa kanga tunalielewa jambo hili upesi: kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na bila jina ni kitambaa tu. Mfarishi wa askari nao una pindo lake na mji wake, na jina lake liko nyuma, kwenye kona, limeshonwa pande zote nne lisibanduke. Panaandikwa jina la aliyetunukiwa, aliyeunga uso, aliyeshona matabaka, aliyepiga utepe, pamoja na mahali na tarehe. Hapo tu, kwenye kipande cha kitambaa kinachoenea kiganjani, ndipo mkono wa mwisho unapotajwa sambamba na mkono wa kwanza.

Siku ya kutunukiwa, askari husimamishwa mbele ya watu, husomewa alikotumikia, na mfarishi huzungushwa mabegani mwake na watu wawili. Hakuna anayepewa ukiwa mfukoni tu akaondoka nao. Wazee wa Vietnam, ambao baadhi yao hawakuwahi kuambiwa ahsante na mgeni yeyote kwa zaidi ya miaka arobaini, mara nyingi hulia hapo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya vita vile, nami ninayo yangu. Mwenye kubeba bunduki akiwa na umri wa miaka kumi na tisa siye aliyevitangaza. Sherehe haichukui muda mrefu. Baada yake mtu huyo atalala na mfarishi ule miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote atakuwa mikononi mwa yule mmaliziaji aliyekagua mishono kwa kucha.

Vijana wetu nao wamo. Wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine waliohamia Marekani wakavaa magwanda ya nchi hiyo, wakapelekwa Iraq na Afghanistan, wakarudi wakiwa kimya. Mfarishi hauuzwi wala haulipiwi, na mke, mzazi, rafiki au jirani anaweza kumpendekeza mhusika. Basi ndugu zangu mlioko huko, mpendekezeni kijana wenu. Na wewe unayejua cherehani, nenda kwenye kikundi kilicho karibu nawe ukaulize kama kuna nyuso zinazongoja. Wa kuunga nyuso mpya wapo wengi, wa kupiga utepe hawatoshi. Mkijaza fomu ya kumpendekeza, andikeni jina la kijana kwa ukamilifu na kwa tahajia yake sahihi, kwa sababu litashonwa kama mlivyoliandika.